Kitanda Kisichoendana na Rangi za Harusi

Kwetu Miteja hema likisimama, watu huwaza mambo matatu tu: kampeni, chanjo au msiba. Kwa hiyo lile hema jeupe liliposimikwa kwenye shamba letu la ufuta, refu kuliko msikiti na lenye madirisha ya plastiki, mtu wa kwanza kufika alikuwa Abdala muuza duka, kanzu imenyooshwa, uso ameshauandaa kwa machozi. "Nani tena, Yasini?" akaniuliza kwa sauti ya chini. Nikamwambia hakufa mtu, ni mpwa wangu Batuli anaolewa. Akalitazama hema, akanitazama mimi, kisha akanishika mkono kwa mikono yake yote miwili. "Poleni sana," akasema, akaenda zake.

Mimi ndiye mjomba wa bibi harusi. Huku kwetu mjomba ni mtu mzito kwenye shughuli: husikilizwa kwa adabu, hupewa kiti cha mbele, halafu watu hufanya walichokwisha kukiamua. Batuli ni mtoto wa marehemu dada yangu Sada, aliyefariki mtoto akiwa bado hajajua kutembea. Aliyemlea ni mama yangu, Bi Zuhura, kwa maziwa ya mbuzi, kwa kelele na kwa mapenzi mengi. Mwaka juzi mama aliteleza kisimani akavunjika nyonga. Tangu hapo yupo kwenye kitanda chake cha kamba, mchana barazani, jioni ndani, na kutoka kitandani hapo anaendesha kijiji kizima kwa mdomo. Garini hapandi. Tulijaribu mara moja kumpeleka Kilwa Masoko, na kabla hatujafika barabara ya lami alilia mpaka tukageuza.

Batuli anafanya kazi ya bima Dar es Salaam. Mchumba wake, Saad, ni mwalimu, mtoto wa watu wa Mtanda kule Lindi mjini, kijana mpole ambaye akisema sentensi mbili kwa siku basi kachangamka. Wakwe walitaka harusi ifanyike ukumbini Lindi, penye viyoyozi na maegesho. Batuli alikataa katakata. Alisema mbele ya wazee wa pande zote mbili, "Siolewi mahali ambapo bibi haoni."

Siku hiyo nilimpenda yule mtoto kuliko siku zote. Basi harusi ikahamia shambani kwetu, na kwa sababu nyumba yetu haitoshi watu, likatafutwa hema. Hiyo ndiyo ilikuwa sababu ya hema, hapakuwa na nyingine: mwanamke asiyeweza kutoka kitandani amwone mtoto aliyemlea akiolewa. Nalisema mapema ili mtu asije akalisahau katikati, maana wenzangu wote walilisahau.

Kusahau kulianza siku alipofika Restuta. Restuta ni mratibu wa sherehe, mtaalamu kutoka Dar, na Batuli alimpata kwenye simu, mahali ambapo siku hizi watu hupata kila kitu kuanzia viatu hadi waume. Alishuka kwenye gari na viatu virefu, akasimama katikati ya mabua ya ufuta tuliokwisha kuuvuna, akafumba macho na kuvuta pumzi. "Hapa pana vaibu," akasema. Nikamweleza kwamba hiyo ni harufu ya mbuzi wa jirani. Akacheka, akasema harusi za shambani ndiyo mtindo mjini sasa hivi, watu wanagharimia kweli kweli ili waoe kwenye nyasi. Nikafurahi kujua kwamba miaka yote hii tumekuwa tukiishi kwenye anasa bila kuambiwa.

Kamati ikaundwa, kwa sababu Mtanzania hawezi kuoa bila kamati. Ajenda ya kwanza ilikuwa muziki. Wengine walitaka kijana mmoja na spika zake, lakini Batuli alitaka bendi, watu wazima wanaopiga vyombo kwa mikono yao, kwa sababu bibi yake anapenda gitaa kupita kiasi na wakati wa ujana wake alikuwa hakosekani penye ngoma. Ikachaguliwa bendi ya Cletus kutoka Lindi. Cletus naye akaleta masharti yake: jenereta, jukwaa la mbao, na pasiwe na vumbi, kwa kuwa vumbi linadhuru vyombo. Tukamhakikishia mtu anayekuja kupiga muziki kwenye shamba la ufuta mwezi wa Agosti kwamba vumbi hatutakuwa nalo.

Mwanzoni hema lilikuwa lisimame mbele ya baraza yetu, mama akigeuza shingo tu awe ndani ya harusi. Restuta alipiga picha, akaikuza, akaugulia. Mabati yetu yana kutu na yangetokea nyuma ya maharusi. Ni kweli yana kutu. Mabati hayo yamemkinga Batuli mvua tangu mchanga, ila hayakujua kwamba iko siku yatapigwa picha. Basi hema likasogezwa hadi mwisho wa shamba, nyuma ya mikorosho, ambako nyumba aliyokulia bibi harusi haionekani kabisa.

"Sawa," nikasema, "tutambeba mama na kitanda chake mpaka hemani."

Restuta akafungua simu yake na kutuonyesha rangi. Rangi za harusi zilikuwa nyeupe na pichi, yaani rangi ya chungwa iliyopauka. Kitanda cha mama kina miguu ya mninga iliyogeuka myeusi, na kamba zake zina rangi ya kamba. Akauliza kwa upole kama kinaweza kuvishwa kitambaa. Baadaye, bado kwa upole, akauliza kama bibi hawezi kukaa kwenye kiti cha magurudumu, tukamwambia nyonga haikunjiki. Ndipo akaja na wazo ambalo kamati ililipigia makofi: chumbani kwa bibi itafungwa skrini kubwa, na kamera itamletea harusi yote pale alipolala. "Ataona kila kitu," alisema Restuta, "tena kwa karibu kuliko wageni wenyewe."

Batuli alikuwa akitusikiliza kwenye simu kutoka Dar. Akasema, "Kweli, bibi atapumzika vizuri zaidi ndani."

"Huyo mtu amepumzika tangu mwaka juzi," nikasema. "Kinachomchosha ni huko kupumzika."

Wakacheka wote. "Mjomba naye!" Hiyo ndiyo taabu ya mdomo wangu, nikisema la kweli watu hudhani nimewachekesha. Batuli hakucheka, ila kikao kikaendelea na mada ya vitambaa vya viti.

Nikaenda kumwambia mama. Nilijua ataumia, nikamzungukazunguka kwa maneno mpaka akaniambia niteme. Nikatema. Alitazama barabarani muda mrefu. Kisha akauliza kama hiyo televisheni itabaki kuwa yake baada ya harusi. Nikasema ni ya kukodi. "Haya," akasema. "Ukipita kwa Tawakali mwambie nina neno naye."

Nilidhani ni habari ya kuazima masufuria. Tawakali ni rika langu, anakaa ng'ambo ya barabara, na ukoo wake na wetu ni watani tangu enzi za mababu. Mtani anaweza kukutukana mbele ya wakwe na ukacheka. Anaweza kumkamata jogoo wako mchana kweupe na ukamshikia mlango. Siku ya shughuli akichukua kitu, hukipati mpaka umkomboe kwa kile anachokitaka yeye, na kumkasirikia ni mwiko. Lakini hao hao ndio wanaochota maji, wanaokoka moto, wanaokesha na mgonjwa na kuchimba kaburi. Kwetu shughuli isiyo na watani bado haijaanza, hata kama wali umeshaiva.

Hilo nilimweleza Restuta vizuri. Aliniitikia kila neno. Siku ya harusi nikakuta ameweka walinzi mlangoni pa hema, vijana wenye miwani myeusi na vifua vya kutisha, na kila mgeni amefungwa utepe wa pichi mkononi.

Ndoa yenyewe ilifungwa asubuhi msikitini, na humo hamkuwa na rangi wala kamera ya kuzunguka hewani, kwa hiyo ilikwenda vizuri. Mchana wageni wakaanza kumiminika hemani. Watu wa Mtanda walikuja wamependeza, wakaketi chini ya lile plastiki na kuanza kuiva polepole. Ndipo Tawakali akatokea na ukoo wake. Alikuwa amevaa gunia lenye matundu ya mikono, na juu ya gunia tai nyekundu. Nyuma yake wanawake walikuwa wakipiga masufuria na kuuliza kwa sauti ni nani aliyemdanganya kijana wa watu akaja kuoa kwenye ukoo wa wavivu.

Mimi nilishaanza kucheka. Mlinzi akanyoosha mkono. "Utepe."

"Utepe wa nini?" akauliza Tawakali. "Mimi ndiye mwenye bibi harusi. Nimekuja kumchukua nikamlishe, kwao walimnyima chakula."

Mlinzi hakuona cha kuchekesha. Restuta akaja mbio. "Mjomba, hawa wahuni ni wa nani?"

"Dada, hao si wahuni wala si wageni. Hao ndio wenye shughuli."

"Hawamo kwenye programu," akasema, "na tumeshachelewa." Akawageukia. "Samahani sana wazee, leo ni kwa waalikwa tu."

Tawakali alimtazama, akanitazama mimi, akakaza tai yake. Nilingoja atukane, maana angetukana tungekuwa salama. Hakutukana. Alitabasamu, akawageuza watu wake, wakaondoka kimya, masufuria yameshikwa yasilie. Tangu nizaliwe sijapata kuwaona watani wakiondoka kimya, nikajua kwamba leo tutakiona.

Batuli aliletwa na gari kutoka alikopambwa mpaka nyumbani, amevaa shela jeupe linalofagia ua. Kabla ya kwenda hemani alitaka kumsalimu bibi yake na kupata radhi zake. Hilo angalau hakulisahau, na namhesabia. Tukaingia chumbani, mimi na yeye.

Skrini ilikuwa inawaka ukutani. Ilionyesha hema, maua, viti viwili vya maharusi vikiwa vitupu, na Cletus akigonga kipaza sauti kwa kucha. Picha ilikuwa safi kabisa, Restuta hakudanganya. Sakafuni, mahali pa kitanda, palikuwa na alama za miguu minne kwenye saruji na kandambili za mama.

"Mjomba," Batuli akasema, "bibi yuko wapi?"

Mtu asiyeweza kujigeuza hawezi kwenda matembezini. Niliona rangi inamtoka mtoto chini ya ile poda. Ndipo tukasikia kilio kutoka barabarani, wanawake wengi wakilia kwa pamoja.

Tulitoka mbio. Katikati ya barabara kilikuwa kinakwenda kitanda cha mama, mabegani mwa vijana wa Tawakali, na mama yangu juu yake amejifunika kanga mpya. Nyuma yao wanawake walikuwa wakiomboleza: ole wetu, ametuacha, ametuacha na televisheni! Abdala muuza duka alikuwa ameshaufunga mlango wa duka, amevaa kofia, anafuata msafara kwa heshima zote. Aliponiona akatikisa kichwa. "Nilijua tu," akasema.

Halafu marehemu akainua kichwa na kumfokea kijana wa mbele kwamba anakwenda upande.

Batuli alikusanya shela lake lote kifuani akakimbia. Viatu alivua njiani. Tulipofika uani kwa Tawakali tulikuta kitanda kimeshatuliwa chini ya turubai la bluu, lile wanaloanikia ufuta, limefungwa kwenye mikorosho. Mama anatafuna muhogo wa kuchoma. Moto umekokwa, masufuria yako jikoni, nusu ya kijiji imekaa mikekani.

"Shikamoo, mjomba Tawakali," Batuli akasema, anahema.

"Marahaba. Wewe nani?"

"Si mimi, Batuli."

"Mimi namjua Batuli mmoja tu, alikuwa anamkojolea bibi yake kwenye kitanda hiki hiki. Ndiye wewe?"

Watu wakaangua kicheko, na Batuli akalazimika kucheka. "Ndiye mimi. Naomba bibi yangu."

"Bibi gani? Sisi hatujaiba bibi." Tawakali akakaa kwenye kinu, akanyoosha gunia lake. "Tumepita kwenu tumeona watu wanachagua vitu. Vinavyopendeza vinapelekwa shambani, kimoja kikaachwa ndani. Tukasema aa, hiki wamekitupa. Nasi tukaokota."

Hapo hakucheka mtu. Neno lile angelisema jirani au hata mimi, ukoo ungegawanyika siku hiyo. Lakini lilisemwa na mtani, na la mtani huna pa kulipeleka, unasimama palepale likuingie. Batuli alisimama.

Restuta akafika, visigino vimejaa mchanga, mkoba ameshaufungua. "Baba, tafadhali, tuambie tu ni kiasi gani."

"Funga, mama," Tawakali akamwambia. "Sisi ni wezi, hatufanyi biashara." Akakielekeza kidole kitandani. "Bei muulizeni mwenyewe."

Mama alimeza muhogo kwanza. "Mimi sirudi," akasema. "Nilialikwa harusini na nimefika. Kama harusi iko kwingine, basi hiyo harusi imepotea njia."

Kule hemani kamera ilikuwa inazunguka, mama mkwe amekaa mbele anajipepea, chakula cha masanduku kinangoja, na wimbo wa kuingilia umefanyiwa mazoezi na maharusi wenyewe kwa wiki kadhaa. Batuli alilitazama lile shamba. Kisha akamgeukia Restuta. "Waambie waje huku."

"Kebo hazifiki, Batuli. Na huku ni vumbi tupu!"

"Waje hivyo hivyo."

Wa kwanza kutoka hemani alikuwa Saad, yule mtu asiye na maneno. Alikuja katikati ya shamba na joho lake, amebeba viti viwili vya maharusi, kimoja kila mkono, akaviweka kushoto kwa kitanda, akasema, "Shikamoo bibi," akaketi. Mama akamwambia amechelewa, na kwamba kuoa mke mwingine bila kumuaga ni dharau kwa mke mkubwa. Saad aliona haya mpaka akafurahi. Kisha akaja Cletus na gitaa lisilohitaji umeme, akijifuta vumbi na kunung'unika, na mpiga tarumbeta wake, na watu wa Mtanda wakafuata mmoja mmoja, wakiongozwa na harufu ya pilau la watani. Mama mkwe alikuja wa mwisho, akauliza atakaa wapi, akaonyeshwa mkeka. Restuta alikaa pembeni akitazama programu yake ikifa. Baadaye alivua viatu, akachukua sahani na kuanza kugawa, na nasema haki, anagawa vizuri.

Muziki ulipokolea, wanawake wa Tawakali wakaingiza ngoma zao katikati ya gitaa bila kumwomba mtu, na Cletus akawafuata, hakuwa na namna. Mama alikuwa anacheza kwa mabega, kichwa na vidole, kila kitu kilichobaki chenye uwezo wa kucheza. Batuli alikuwa amekiacha kiti chake, ameketi chini mchangani, mkono juu ya kamba za kitanda.

"Kumbe ulimtuma wewe," akamwambia bibi yake.

"Nimtume nani mwingine? Wengine wote wangekwenda kuomba ruhusa kwa kamati."

"Si ungeniambia mimi, bibi?"

"Ningekwambia ningekuwa naomba. Siwezi kuomba nafasi kwenye harusi ya mtoto niliyemlea." Alimrekebishia ua la kichwani, lililokuwa limeanguka upande. Sauti yake ilikuwa imeshuka, na haikuwa na utani tena. "Ile televisheni yako nzuri, mke mwenzangu. Waliijaribisha jana mkifanya mazoezi hemani, nikakuona vizuri mpaka kope. Ila wewe ulikuwa hunioni."

Batuli aliinamisha uso kwenye kanga ya bibi yake akalia, poda na wanja vyote vikahamia kwenye kanga, na mwenye kamera akawa anapiga picha. Niligeuka upande. Mimi na mdomo wangu wote, nilikuwa nalia vilevile.

Picha hiyo ndiyo ipo ukutani kwao sasa. Turubai la bluu, kitanda cheusi, uso uliochafuka, na nyuma kabisa mabati yetu yenye kutu. Haina hata rangi moja inayokubaliana na nyingine.

Jua lilipokuwa linashuka, wale walinzi bado walikuwa mlangoni pa hema, wanalinda viti. Hakuna aliyekumbuka kuwaita. Abdala alikuwa amekaa karibu yangu na sahani yake ya pili, kofia bado iko kichwani. "Mimi tangu mwanzo nilikuuliza kama hilo hema si la msiba," akasema, "ukanikatalia."

Nikamwambia kwamba aliona sawasawa, ila tu marehemu hakukubali.